Kazi Kwanza, Mashine Baadaye: Ushauri kuhusu Roboti na Ajira za Watu Wenye Ulemavu Kilosa na Mikumi

Swali moja limekuwa likirudi kutoka kwa familia, waajiri na watu wenye ulemavu wenyewe wa Wilaya ya Kilosa: je, roboti zinazoonekana kwenye televisheni na simu zinaweza kumwezesha mtu asiyeweza kutembea, asiyeona au asiyeweza kutumia mikono kupata kazi, na kama zinaweza, inunuliwe ipi? Jibu kwa ufupi ni kwamba mashine huchaguliwa baada ya kazi kujulikana na kuchambuliwa, na kwamba katika mazingira ya Kilosa na Mikumi mashine inayofaa ni ile ambayo fundi wa wilayani anaweza kuifungua, kuitengeneza na kuirudisha kazini kabla mwenye kazi hajapoteza nafasi yake. Makala haya yanaeleza hatua za kufuata, gharama zinazosahaulika, makosa yanayojirudia na mashaka ambayo msomaji huenda anayo.

Ni roboti zipi zinazozungumziwa

Roboti ni mashine inayopokea taarifa kupitia vihisio, yaani vifaa vinavyotambua mwanga, sauti, mguso au mwendo, ikazichakata kwa kompyuta na kisha kutenda jambo fulani. Zinazohusu ajira za watu wenye ulemavu zinaweza kugawanywa katika makundi manne:

- *Roboti za uwakilishi.* Hizi hukaa mahali pa kazi, na mtu aliyeko nyumbani huona, husikia na huzungumza kupitia kwazo.
- *Mikono ya roboti na viungo bandia vya kielektroniki.* Mfano ni JACO, mkono unaotengenezwa na kampuni ya Kinova ya Kanada, ambao hufungwa kwenye kiti mwendo cha umeme na kumsaidia mtumiaji kushika vitu.
- *Mavazi ya roboti.* Haya ni mifumo ya vyuma na mota inayovaliwa miguuni ili kumsimamisha na kumtembeza mtu aliyepooza; hutumika zaidi katika mazoezi ya tiba kuliko kazini.
- *Vifaa saidizi vya karibu.* Humu mnaingia kiti mwendo cha umeme, simu inayosoma maandishi kwa sauti na mota inayochukua kazi ya mguu au mkono. Si vyote vinavyostahili kuitwa roboti, lakini ndivyo vinavyopatikana na kutengenezeka kwa urahisi zaidi.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wenye uhitaji. Kwa hiyo, msomaji ambaye bado hana kiti mwendo kinachomtosha au shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kwa mwenye usikivu hafifu, aanze na hicho kabla ya kufikiria mkono wa roboti.

Mfano wa Tokyo na kinachoweza kuigwa

Mfano unaotajwa zaidi ni mkahawa wa DAWN uliofunguliwa Nihonbashi, Tokyo, mwezi Juni mwaka 2021 na kampuni ya OryLab, ambayo mwanzilishi wake ni Kentaro Yoshifuji. Roboti za mkahawa huo huitwa OriHime. Ndogo hukaa mezani na kuzungumza na mteja, na kubwa, OriHime-D, yenye urefu wa sentimita 120, hubeba vinywaji. Roboti hizo haziamui mambo zenyewe, kwa kuwa kila moja huongozwa na mfanyakazi aliyeko nyumbani au kitandani, ambaye hutumia simu, kompyuta au kifaa kinachofuata mwendo wa macho. Katika jaribio la mwaka 2018, waongozaji 10 walilipwa yeni 1,000 kwa saa.

Mambo matatu ya mfano huo yanaweza kuigwa Mikumi bila kununua OriHime hata moja. La kwanza ni kwamba kazi ilikuwepo kabla ya mashine: kumkaribisha mgeni, kupokea oda na kuzungumza naye. La pili ni kwamba mfanyakazi alilipwa ujira, hakupewa sadaka. La tatu ni kwamba mkahawa ulijaribiwa kwa siku chache kabla ya kufunguliwa wa kudumu, jambo ambalo waanzishaji wengi wa miradi husahau.

Hatua saba kabla ya kununua chochote

1. *Kazi itajwe kwa jina.* Kusema kwamba mtu anatafuta kazi yoyote hakutoshi. Kilosa kuna mashamba ya katani Kimamba na Rudewa, kilimo cha miwa, stesheni ya reli ya kisasa na biashara za mazao. Mikumi kuna hoteli, hifadhi ya taifa, gereji na biashara za wasafiri wa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia. Mhusika achague kazi moja au mbili ambazo tayari zina mwajiri au wateja.

2. *Kazi igawanywe katika vitendo vidogo.* Kazi ya mapokezi, kwa mfano, ina kupokea simu, kuandika jina la mgeni, kupokea malipo, kutoa ufunguo na kubeba mizigo. Kati ya vitendo hivyo vitano, mtu anayetumia kiti mwendo anaweza kushindwa kimoja tu, na hicho mwenzake akakifanya.

3. *Kizuizi halisi kitafutwe.* Mara nyingi kizuizi ni ngazi mbili za mlangoni, meza ndefu kupita kiasi au choo kisichoingilika, na mambo hayo hutatuliwa na fundi mwashi na seremala kwa gharama ndogo kuliko ya mashine yoyote.

4. *Suluhisho rahisi lijaribiwe kwanza.* Mpangilio wa kazi ubadilishwe, kisha kifaa cha mkono kijaribiwe, kisha cha umeme, na roboti iwe ya mwisho.

5. *Mashine iazimwe kabla ya kununuliwa.* Jaribio la wiki mbili mahali penyewe pa kazi, likihusisha siku za mvua na siku za kukatika umeme, hufundisha mengi kuliko maelezo ya muuzaji.

6. *Fundi na vipuri vijulikane.* Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: betri, chaja au gurudumu likiharibika, litapatikana wapi na kwa siku ngapi? Jibu likiwa ni kusafirisha mashine nzima nje ya nchi, mashine hiyo haifai kwa ajira ya kila siku.

7. *Makubaliano yaandikwe.* Mkataba ueleze mshahara, saa za kazi, mwenye mashine, anayelipia matengenezo, na mahali itakapobaki mashine hiyo mfanyakazi akiacha kazi.

Kazi nne na vifaa vinavyozifaa

*Ushonaji.* Mtu aliyepooza miguu hawezi kutumia cherehani ya kukanyaga, lakini cherehani hiyo ikifungwa mota ndogo ya umeme, kikanyagio chake huwa ni swichi ya mwendo iliyounganishwa kwa waya tu. Kwa kuwa ni waya, kikanyagio kinaweza kuondolewa sakafuni, kikafungwa kwa skrubu juu ya meza na kubonyezwa kwa kiwiko, huku viganja vyote viwili vikiongoza kitambaa. Tahadhari ni kwamba cherehani nyingi za viwandani zenye mota kubwa ya zamani huunganishwa na kikanyagio kwa fito ya chuma, kwa hiyo hazihamishiki kwa njia hiyo. Mnunuzi aangalie chini ya meza kabla ya kulipa.

*Uendeshaji wa bajaji.* Katika bajaji za kawaida mafuta, klachi na gia viko kwenye usukani, na kinachodai mguu ni breki kuu. Fundi mzoefu anaweza kuunganisha mkono wa chuma unaovuta breki hiyo, na dereva asiyetumia miguu akaendesha kwa mikono pekee. Kazi hiyo isifanywe kwa kubahatisha: kiungo kilichochomelewa kijaribiwe kikiwa na mzigo kamili na kwenye mteremko, na dereva awe na leseni, achukue bima, na chombo kikaguliwe na Polisi wa Usalama Barabarani kabla ya kubeba abiria.

*Uwakala wa fedha na duka.* Mtu asiyeona anaweza kutumia simu ya Android yenye TalkBack, programu inayosoma kwa sauti kila kinachoguswa kwenye skrini, ambayo katika simu nyingi tayari imo ndani ya mipangilio ya ufikivu. Mwanafunzi aelezwe mapema kwamba programu hiyo hubadilisha mguso: mguso mmoja husoma na miguso miwili ya haraka hufungua; asipojua hilo, atadhani simu imeharibika. Menyu za miamala kama *150*00# hukatika mtumiaji akichelewa, kwa hiyo mazoezi yafanyike kabla ya kuhudumia wateja, na aweke kisikizi katika sikio moja ili salio na taarifa za wateja visisikike na waliopanga foleni. Anayetumia kompyuta anaweza kupata NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh.

*Mapokezi ya hoteli kwa mbali.* Hapa ndipo roboti ya uwakilishi inapokaribia zaidi mazingira ya Mikumi. Mwenye hoteli anaweza kuanza kwa kuweka kompyuta kibao juu ya kaunta, usawa wa uso wa mgeni, ikiwa imeunganishwa kwa mazungumzo ya video na mfanyakazi aliyeko nyumbani kwake Kilosa mjini au Kimamba, ambaye anampokea mgeni, anajibu maswali ya safari za hifadhini na kuandika nafasi zilizowekwa, huku mwenzake aliyeko hotelini akitoa ufunguo. Jaribio likifanikiwa, stendi inayozungushwa na mota inaweza kuongezwa ili mfanyakazi ageuze kamera kumfuata mgeni. Saa moja ya video inaweza kula GB 1 ya intaneti au zaidi, kwa hiyo hesabu ya bando iingizwe kwenye gharama za kila mwezi, na pande zote mbili ziwe na betri ya akiba ya kuendeshea kifaa cha intaneti umeme unapokatika.

Fedha, sheria na ushuru

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi husika. Mwajiri mwenye wafanyakazi 100 anapaswa kuwa na wasiopungua watatu. Anayeomba kazi katika hoteli kubwa au kiwandani ataje matakwa hayo katika barua yake kwa lugha ya staha, kisha aeleze ni marekebisho gani ya mahali pa kazi yatamwezesha kufanya kazi, kwani mwajiri hushindwa kujiandaa kwa kitu asichokijua.

Kwa anayetaka kujiajiri, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa hiyo masharti yanayosimuliwa vijiweni huenda yamepitwa na wakati, na mwombaji afike kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata akiwa na mambo yafuatayo:

- maelezo ya biashara na wateja wake;
- bei ya kifaa pamoja na bei ya vipuri vya mwaka mmoja;
- jina la fundi aliyekubali kukihudumia;
- mpango wa marejesho unaohesabu miezi ambayo mauzo hupungua.

Aliyepata ulemavu kwa ajali ya kazini, iwe shambani, kiwandani au garini, ana njia nyingine. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwezi Julai mwaka 2015, hutoa fidia, matibabu na utengamao, yaani huduma za kumrudisha mtu katika maisha na kazi. Ajali itolewe taarifa kwa mwajiri mapema na kwa maandishi, kwa kuwa madai yanayocheleweshwa hukosa ushahidi.

Kuhusu vifaa vinavyotoka nje, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru wa forodha kwa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kosa la kawaida ni kuagiza kwanza na kuuliza baadaye. Maombi ya msamaha yapelekwe Mamlaka ya Mapato kabla mzigo haujafika, yakiwa na uthibitisho wa daktari na ankara inayotaja kifaa kwa jina lake kamili, la sivyo gharama za kuhifadhi mzigo bandarini zinaweza kuumeza msamaha wenyewe.

Makosa yanayojirudia

- *Kununua mashine kwa ajili ya picha.* Kifaa kinakabidhiwa mbele ya kamera, betri inakufa, na hakuna aliyepangiwa bajeti ya betri nyingine.
- *Kumchagulia mtu bila kumuuliza.* Mtumiaji ndiye anayejua mkono upi una nguvu na saa ngapi mwili huchoka. Kifaa alichochaguliwa na wengine huishia uvunguni.
- *Kusahau safari ya kwenda kazini.* Kiti mwendo chenye magurudumu madogo hakiwezi kuvuka barabara ya vumbi na matope kati ya kijiji na kituo cha basi. Njia ya kutoka nyumbani hadi kazini ipimwe kwanza, na ikiwa haipitiki, kazi ya mbali au kituo cha kazi kilicho karibu kifikiriwe.
- *Kuamini kila ubunifu unaotangazwa.* Mkenya David Gathu na mwenzake waliunda mkono wa roboti kutokana na mabaki ya vifaa vya kielektroniki, na kazi yao inastahili heshima. Hata hivyo, sampuli ya mbunifu si bidhaa yenye dhamana, na haipaswi kutegemewa karibu na moto au mashine zinazozunguka mpaka ipimwe.
- *Kumfundisha mtumiaji peke yake.* Msimamizi na wafanyakazi wenzake nao wafundishwe kuwasha, kuzima na kuchaji, ili hitilafu ndogo isisimamishe kazi kutwa.

Tahadhari za usalama

Kilosa ni eneo la mafuriko, na mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu hata reli. Betri na chaja ziwekwe juu ya usawa ambao maji yaliwahi kufika, na kifaa kilicholowa kisiwashwe mpaka fundi akikague, hata kama kwa nje kimeshakauka. Umeme unaopanda na kushuka huua mota na chaja, kwa hiyo stabilaiza, yaani kifaa cha kutuliza umeme, inunuliwe pamoja na mashine na isiahirishwe.

Mashine yenye nguvu ya kubana au kuzunguka iwe na swichi ya kuizima haraka ambayo mtumiaji mwenyewe anaifikia bila msaada. Kamera ya kaunta nayo inagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo mgeni aarifiwe kwa tangazo linalosomeka kwamba anazungumza na mtumishi kupitia video, na picha zisihifadhiwe bila sababu ya kazi.

Mashaka ambayo msomaji huenda anayo

*Je, roboti hazitachukua ajira za watu wengine?* Mashine inayoongozwa na mtu haiondoi mtu, ila hubadilisha aliyekaa kwenye kiti cha kazi. Hatari ipo pale mwajiri anapoitumia kupunguza mishahara. Kazi ileile ilipwe ujira uleule, na jambo hilo liandikwe katika mkataba.

*Je, wageni hawatakerwa kupokelewa na skrini?* Baadhi watasita mwanzoni, hasa mtandao ukikatika katikati ya sentensi. Ndiyo maana mfanyakazi aliyeko hotelini hawezi kuondolewa, na ndiyo maana jaribio hutangulia ununuzi.

*Je, gharama hazitamshinda mwajiri mdogo?* Zitamshinda akianza na roboti. Akianza na njia ya mteremko mlangoni, meza ya kimo sahihi na simu, gharama zake zitalingana na matengenezo ya kawaida ya jengo.

*Je, mtu mwenye ulemavu wa akili au asiyesikia anaachwa?* Haachwi, ingawa kifaa chake ni tofauti. Kwa kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama wakati wa mafunzo na taa ya ishara badala ya kengele hufaa kuliko roboti. Kwa mwenye ulemavu wa akili, orodha ya picha inayoonyesha hatua za kazi, pamoja na mwelekezi mmoja asiyebadilika, huleta matokeo mapema.

Pa kuanzia

Mwenye ulemavu anayetafuta kazi aandike ukurasa mmoja wenye kazi anayoiweza, vitendo vinavyomshinda na kifaa anachodhani kitamsaidia, kisha aupeleke kwa Afisa Maendeleo ya Jamii na kwa vyama vya watu wenye ulemavu vilivyomo ndani ya shirikisho la SHIVYAWATA. Fundi na mwanafunzi wa ufundi, wakiwemo wa chuo cha VETA Mikumi, wajifunze kufunga mota za cherehani, kubadili betri za viti mwendo na kurekebisha breki za mkono, kwa kuwa bila wao hakuna kifaa kitakachomaliza mwaka kikiwa kazini. Mwajiri wa Kilosa au Mikumi, kwa upande wake, asisubiri roboti ifike nchini: achague nafasi moja ya kazi, aichambue pamoja na mwombaji, aijaribu kwa wiki mbili, na jaribio likifaulu asaini mkataba wenye mshahara kamili.